Kurudi kwenye urubani wa ndege za abiria baada ya kukaa nje karibu miaka sita: nianzie wapi?

Kiti cha Kulia ameuliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu wa rika langu nawasalimu.

Nilikuwa rubani msaidizi wa Boeing 737-800 katika shirika la ndege za abiria. Karibu miaka sita iliyopita niliacha kazi kwa hiari yangu ili kumuuguza mzazi ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea. Wakati ule nilikuwa na saa za kuruka takriban elfu moja na mia tatu, kwa hiyo sikuwa nimefikisha zile saa 1,500 zinazohitajika ili kupewa leseni ya juu kabisa, yaani leseni ya rubani wa mashirika ya ndege. Ninayo leseni ya rubani wa biashara iliyotolewa chini ya kanuni za EASA, yaani mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, na mitihani yote ya nadharia ya leseni ile ya juu nilikwisha kuifaulu. Tangu niondoke sijashika usukani wa ndege yoyote, hata ile ndogo ya injini moja.

Sasa majukumu yale yamekwisha na ninataka kurudi kazini. Cheti cha afya kimepita muda, idhini ya kurusha 737 imepita muda, na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani bila kuona nje, nayo imepita muda. Akiba niliyo nayo inatosha kulipia baadhi ya mambo, si yote, na kila tangazo la kazi ninalolisoma linataka mtu mwenye saa za karibuni. Ninaomba mnieleze kipi kitangulie na kipi kifuate, na kama ni busara nijilipie mwenyewe mafunzo ya kurudisha idhini ya 737 kabla ya kuomba kazi popote.

Kuna swali jingine ambalo kwangu ni zito kuliko hayo. Je, mtu aliyekaa nje muda kama huu anaweza kweli kurudi kwenye kiti kile akawa salama kwa abiria walio nyuma yake, au atakuwa rubani wa makaratasi tu? Naomba majibu ya wazi, hata kama hayatanifurahisha.

Mwalimu wa Simuleta amejibu:

Marahaba, dada. Pole kwa kuuguza, na karibu tena. Mimi ni mkufunzi na mtahini wa simuleta, yaani mashine ya mafunzo inayoigiza urukaji wa ndege, na tangu safari zilipoanza kurejea baada ya janga la korona nimekaa na marubani wengi waliokuwa nje, wengine kwa miezi na wengine kwa miaka. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu wengi wanaorudi hulificha, na kulificha huwadhuru.

Ujuzi hurudi, lakini haurudi wote kwa mwendo mmoja, na kinachochelewa si kile ambacho watu hukiogopa zaidi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa NASA uliowapima marubani 16 wa mashirika ya ndege katika simuleta ya Boeing 747-400. Walipoondolewa misaada ya mitambo ya kujiendesha, uwezo wao wa kusoma vyombo na kuishika ndege kwa mkono ulionekana kuwa bado mzuri kwa kiasi kikubwa, hata kwa wale ambao hawakuwa wakiufanyia mazoezi mara kwa mara. Matatizo yalijitokeza zaidi katika kazi za akili: kujua ndege iko wapi bila ramani ya kwenye kioo, kuamua hatua gani inafuata, na kutambua chombo kinachotoa taarifa za uongo. Hayo ndiyo ninayoyaona mimi pia kila wiki.

Chukua zoezi la injini kufa mara baada ya kasi ya V1 (kasi ambayo ukishaipita hukatishi tena kupaa), ambalo kila rubani wa ndege kubwa analijua. Mtu aliyekaa nje miaka mitano hukanyaga pedali ya upande sahihi mara tu ninapoizima injini. Pua inabaki katikati ya njia, ndege inanyanyuka vizuri, na mimi huku nyuma sina la kuandika. Shida huanza kama dakika moja baadaye. Anafika kwenye kimo cha kuongeza kasi na anasahau kushusha pua ili aanze kukunja flapu, yale mabawa madogo ya nyuma ya bawa. Au anaagiza cheklisti wakati mwenzake bado anazungumza na waongoza ndege. Au anabonyeza kitufe kwenye paneli ya otopailoti kisha anaondoa macho, bila kuhakikisha kwenye kioo kwamba modi, yaani kazi ambayo mtambo unaifanya, imebadilika kama alivyokusudia. Kila kosa likija peke yake si kubwa. Yakija matatu kwa mfululizo, akili inajaa, na mtu ambaye akili yake imejaa hivyo huacha kusikia redio bila kujua kwamba ameacha kusikia.

Kwa hiyo maandalizi yako yaelekee huko, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo haina gharama. Chapisha picha za paneli za 737 kwa ukubwa wake halisi, uzibandike ukutani mbele na juu ya kiti, kisha ukae na kupitia safari nzima kuanzia kuwasha ndege hadi kuegesha. Gusa kila swichi kwa mpangilio wake, na matamko yote yaseme kwa sauti, si kimoyomoyo, kwa maana ulimi nao una kumbukumbu yake. Rudisha pia hesabu za kichwani ambazo zilikuwa zikikujia bila kufikiri: kwamba katika kushuka kila futi elfu moja zinahitaji takriban maili tatu za angani, na kwamba ukizidisha kasi yako juu ya ardhi mara tano unapata mwendo wa kushuka unaohitajika kwenye mteremko wa digrii tatu, ili ukiwa na noti 140 (maili hizo kwa saa) ujue mara moja kwamba unatafuta kama futi 700 kwa dakika. Rubani ambaye hesabu hizo zimemrudia hubaki na nafasi kichwani ya kufikiria jambo lisilotarajiwa.

Jambo la mwisho kwa leo ni kutua. Kigezo kinachotumiwa na mashirika mengi ni kwamba ndege iwe imetulia, yaani kasi, mteremko, flapu, magurudumu na nguvu za injini vyote viwe mahali pake, ifikapo futi 1,000 juu ya uwanja ikiwa kuna mawingu, au futi 500 ikiwa anga ni wazi. La sivyo unapaa tena. Mwaka 2020 safari zilipopungua sana, IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ilitoa tahadhari kwamba idadi ya ndege zilizokuwa zikija kutua bila kutulia imeongezeka. Mtu anayerudi ana kishawishi cha pekee cha kuendelea kutua, kwa sababu anaona kama kupaa tena ni kukiri kwamba hawezi. Mimi nikimwona mwanafunzi anapaa tena mapema na kwa utulivu, bila kusubiri niseme, ninaanza kumwamini.

Mpenda Kanuni amejibu:

Mwalimu amesema vizuri kuhusu ujuzi. Naomba nami niongeze kuhusu leseni, kwa sababu, dada, katika suala lako kuna muda unaokwenda.

Chini ya kanuni za EASA leseni yenyewe haiishi muda. Vinavyokwisha ni idhini zilizomo ndani yake. Idhini ya aina ya ndege na idhini ya kuruka kwa vyombo kila moja ina uhai wa mwaka mmoja. Zikipita muda hurudishwa kwa mtihani wa umahiri, baada ya mafunzo ya kukumbushia katika chuo kilichoidhinishwa kwa kadiri chuo hicho kitakavyoona inahitajika, na chuo huangalia uzoefu ulio nao, ugumu wa ndege husika na muda uliopita. Kwa muda kama wako, usishangae chuo kikikuambia kwamba kwa 737 unahitaji kitu kinachokaribia kozi nzima.

Lakini hatari kubwa haiko kwenye 737. Iko kwenye miaka saba. Kama idhini ya kuruka kwa vyombo haijahuishwa wala kurudishwa ndani ya miaka 7 iliyopita, mwenye nayo hutakiwa kufanya upya mtihani wa nadharia wa idhini hiyo pamoja na mtihani wa vitendo. Na ile mitihani ya nadharia ya leseni ya juu uliyoifaulu hubaki halali kwa ajili ya kupewa leseni hiyo kwa miaka 7 tangu tarehe ya mwisho ya uhalali wa idhini ya kuruka kwa vyombo iliyoandikwa kwenye leseni yako. Angalia kwamba vipindi hivi viwili havianzi kuhesabiwa siku moja: kimoja kinatazama mara ya mwisho ulipoihuisha idhini, kingine kinatazama siku ilipokufa, na kwa kawaida kati ya siku hizo mbili kuna mwaka mzima. Kwako wewe ambaye hukuwahi kuichukua leseni ya juu, kikipita hiki cha pili utarudi darasani kwa mitihani yote. Toa leseni yako leo, soma tarehe hizo, kisha uiandikie mamlaka iliyokupa leseni na uombe jibu la maandishi kuhusu siku ya mwisho kwa kila kimoja. Usitegemee hesabu za mtu mwingine, hata zangu.

Dawa yake si lazima iwe ghali. Idhini ya kuruka kwa vyombo unaweza kuirudisha kwa ndege ndogo ya injini mbili badala ya 737, mradi idhini ya daraja hilo la ndege nayo uirudishe na cheti chako cha afya kiwe hai. Gharama yake haikaribii ile ya kozi ya ndege kubwa, na wakati huohuo unakuwa umelinda mitihani yako ya nadharia.

Tazama pia ukurasa wa lugha ya Kiingereza. Kiwango cha 4 kwa EASA hudumu miaka minne, cha 5 miaka sita, na cha 6 hakina mwisho. Wengi husahau jambo hili mpaka siku ya mtihani.

Leseni ya Marekani amejibu:

Niseme kidogo kwa ajili ya wasomaji wenye leseni za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, maana mambo yao si sawa na ya dada yetu. Kule idhini za aina ya ndege na ya vyombo hazifi. Kinachokwisha ni ruhusa ya kuzitumia. Unahitaji mapitio ya urukaji na mkufunzi ndani ya miezi 24, na kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 ili ubebe abiria. Ili uruke kwa vyombo unahitaji kuwa umefanya njia za kutua kwa vyombo zisizopungua sita ndani ya miezi 6, pamoja na mzunguko wa kusubiri na kufuata mikondo ya vifaa vya uongozaji. Ukikaa muda mrefu zaidi bila hayo, mtahini au mkufunzi mwenye sifa hukupima upya. Kwa njia hiyo, aliyekaa nje miaka kumi anaweza kurudi kisheria kwa haraka ya kushangaza. Mimi binafsi nadhani haraka hiyo ni mtego, kwa kuwa sheria inakuruhusu kabla akili haijawa tayari, na maneno ya Mwalimu yanawahusu wenye leseni hizo zaidi kuliko wengine wote.

Shirika la ndege likikuajiri litakupitisha katika kozi yake yote kama mfanyakazi mpya hata hivyo.

Daktari wa Anga amejibu:

Ninawapima marubani, na ombi langu ni moja: usimlipe mtu yeyote senti kwa ajili ya mafunzo kabla hujakishika mkononi cheti cha afya cha daraja la kwanza. Nimewaona watu waliomaliza akiba yao katika simuleta, kisha kipimo cha moyo au cha macho kikawasimamisha kwa miezi kadhaa, na idhini waliyoilipia ikapita muda wakiwa wanasubiri.

Kwa kuwa cheti chako kimekwisha miaka mingi, jiandae kwamba uchunguzi unaweza kufanywa kwa ukamilifu kama wa mara ya kwanza, katika kituo cha afya ya anga: macho pamoja na kutofautisha rangi, kipimo cha kusikia, umeme wa moyo, damu na mkojo, shinikizo la damu, na mazungumzo kuhusu afya ya akili. Chukua kumbukumbu zote za matibabu ya miaka uliyokuwa nje, hata ya jambo dogo. Barua ya daktari aliyekutibu, yenye tarehe, vipimo na hali yako ya sasa, hufupisha safari kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Kama unatumia dawa yoyote ya kila siku, itaje kabla ya kuulizwa. Zipo nyingi zinazokubalika, na zipo zinazokubalika baada tu ya kipindi cha uangalizi.

Umesema ulikuwa ukiuguza. Watu waliouguza kwa muda mrefu mara nyingi hufika kwangu wakiwa na usingizi uliovurugika na huzuni ambayo hawajaipa nafasi, na huogopa kuisema wakidhani itawafungia mlango. Kuisema mapema ndiko kunakoacha mlango wazi. FAA tangu mwaka 2010 imekuwa ikiwaruhusu baadhi ya marubani wanaotumia dawa fulani za sonona kuruka chini ya masharti, na huko Ulaya, baada ya ajali ya Germanwings ya mwaka 2015, ambapo rubani msaidizi aliiangusha ndege kwa makusudi, mashirika ya ndege yalitakiwa kuwa na mpango ambao rubani mwenye shida huzungumza kwa siri na rubani mwenzake aliyefunzwa kusikiliza. Kama hujambo kabisa, mshukuru Mungu na uniwie radhi kwa kuuliza. Kama unahisi bado umechoka, pumzika kwanza, maana cheti kinaweza kusubiri wiki chache.

Kwa wanaojiuliza kuhusu umri, kiwango cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwa safari za kimataifa za kibiashara zenye marubani zaidi ya mmoja ni miaka 65, kwa hiyo kwa wengi wetu muda bado upo.

Nilirudi Mimi amejibu:

Dada, mimi nilitoka kwa ajili ya uzazi, janga la korona likanikuta nikiwa nje, na nikarudi baada ya miaka kadhaa. Kuhusu kujilipia idhini ya 737, jibu langu ni hapana, angalau si sasa.

Idhini hiyo itaishi mwaka mmoja tu. Ukiipata leo bila kazi mkononi, kesho utakuwa rubani mwenye idhini mpya na saa zilezile za zamani, na mwajiri anayetafuta saa za karibuni hatabadili mawazo kwa sababu ya mazoezi machache ya simuleta. Zaidi ya hayo, huwezi kujua kama atakayekuajiri anarusha 737. Anaweza kuwa na Airbus A320, au ndege za mapanga (propela) kama ATR 72, na fedha zako zitakuwa zimekwenda kwenye ndege ambayo hutaigusa. Hata akiwa na 737, huenda zikawa za MAX, ambazo zilizuiwa kuruka Machi 2019 baada ya ajali mbili zilizoua watu 346 na kuruhusiwa tena kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 zikiwa na masharti ya mafunzo ya simuleta. Hayo mwajiri atakupa mwenyewe.

Fedha yangu niliiweka kwenye ndege ndogo ya injini mbili, kwa sababu ileile aliyoieleza Mpenda Kanuni, kisha nikachukua sifa ya ukufunzi. Kufundisha kulinipa saa za karibuni, na kulinirudishia jambo ambalo sikutarajia, nalo ni kuzungumza ndani ya chumba cha rubani. Ukikaa nje unasahau namna ya kumwambia mtu, kwa sauti ya kawaida na kwa wakati wake, kwamba kasi imezidi. Mwanafunzi anapokosea mara kumi kwa asubuhi moja, unajifunza upya kusema mapema na kusema kwa ufupi, na nilipokaa tena kando ya kapteni nilikuta ulimi wangu mwepesi kuliko siku niliyoondoka.

Ninachoweza kukuonya nacho ni ule mwezi wa kwanza wa mafunzo ya njiani, ukiwa na abiria na kapteni mkufunzi. Simuleta ulishaizoea, mtihani umeupita, halafu unajikuta umechelewa kwa kila kitu: mafuta yamekuja na hujamaliza kupakia njia kwenye kompyuta ya ndege, mhudumu anauliza swali, mnara unakupa ruhusa iliyobadilika. Hali hiyo huisha. Mwambie kapteni tangu mwanzo kwamba umekuwa nje, na umwombe nafasi unapoihitaji. Makapteni wengi niliokaa nao walilipokea vizuri neno hilo.

Mwalimu wa Simuleta amejibu:

Nakubaliana na dada hapo juu, kwa tofauti moja. Kama shirika fulani limekwisha kukuahidi kazi kwa maandishi kwa sharti la kuwa na idhini hai ya ndege wanayoitumia, hapo kujilipia kuna maana. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Ameligusa pia suala la mambo yaliyobadilika, na ningependa ulijue kabla hujaingia darasani. Tangu Novemba 2021 hali ya njia ya kurukia inaripotiwa kwa mfumo mmoja wa ICAO, kwa namba kuanzia 0 hadi 6 kwa kila theluthi ya njia, ambapo 6 ni njia kavu, na hesabu zako za kutua zinategemea namba hizo. Kuvurugwa kwa mawimbi ya setilaiti za uongozaji kumekuwa jambo la kawaida katika baadhi ya maeneo ya dunia. Saa ya ndege inaweza kuruka nyuma au mbele, ramani ikaonyesha mahali ambapo hupo, na kifaa cha kuonya ukaribu wa ardhi kikalia bila sababu. Hapo ndipo ule uwezo wa kujua uko wapi bila ramani, ambao kwa ajili yake niliutaja ule utafiti wa NASA, unapoonyesha thamani yake. Ujumbe wa maandishi kati ya rubani na waongoza ndege nao umeenea katika njia nyingi ambazo zamani zilikuwa za redio peke yake. Na mafunzo ya kuiokoa ndege iliyotoka katika hali yake ya kawaida, yaliyotiliwa mkazo duniani hasa baada ya ajali ya Air France 447 ya Juni 2009, sasa yana nafasi kubwa zaidi katika simuleta kuliko wakati ulipoanza kazi.

Kiti cha Kulia amejibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo mmoja. Nimeitoa leseni na kuzisoma tarehe zake, na ni kweli muda niliobaki nao ni mfupi kuliko nilivyodhani, ingawa haujaisha. Nimeiandikia mamlaka, na nimeomba nafasi katika kituo cha afya ya anga. Daktari, asante kwa kuuliza. Nilikuwa na kipindi kigumu baada ya msiba, nilipata msaada, na barua ya aliyenihudumia nitakwenda nayo. Fedha ya 737 naiacha ilipo.

Limebaki swali la mahojiano. Ninalielezaje pengo la miaka sita bila kuonekana ninaomba huruma, na bila kuonekana kama mtu aliyeichoka kazi akaondoka?

Meza ya Ajira amejibu:

Nimeshiriki katika kuchuja maombi na kuwahoji marubani, basi nijibu hili.

Sema ukweli katika sentensi mbili, kisha uondoke hapo. "Niliacha kazi ili kumuuguza mzazi, na jukumu hilo limekwisha." Hakuna mhojaji mwenye busara atakayekushusha kwa hilo. Kinachotutia wasiwasi ni maelezo marefu, au tarehe za kwenye maombi zisizolingana na kitabu cha kumbukumbu za kuruka. Kitabu chako kikague mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, ujumlishe upya, na kosa la hesabu ukilikuta lisahihishe kwa kalamu inayoonekana na saini yako kando yake.

Baada ya hapo mhoji atataka kujua umefanya nini tangu ulipoamua kurudi, na hapo ndipo kazi yote mliyoizungumza inapojibu kwa niaba yako. Mtu anayekuja na cheti cha afya kipya, idhini hai ya kuruka kwa vyombo, saa za miezi ya karibuni hata kama ni za ndege ndogo, na anayeweza kunieleza bila kutafuta maneno namba 3 kwenye ripoti ya njia ya kurukia ina maana gani kwa umbali wake wa kusimama, huyo kwangu hana pengo la miaka sita. Ana miezi kadhaa ya maandalizi mazuri. Tunaweza kukuuliza pia ni jambo gani limekuwa gumu zaidi kulirudisha. Jibu kwa jambo mahususi na useme unalifanyia nini. Anayejibu kwamba hakuna lililokuwa gumu hutufanya tuandike alama ya kuuliza.

Kuhusu pa kuomba, anza na mwajiri wako wa zamani ikiwa mliagana vizuri, maana kumbukumbu zako za mafunzo wanazo na hilo linapunguza mashaka yao. Usitarajie kurudishiwa nafasi yako katika orodha ya ukuu kazini. Ukishajiuzulu, katika mashirika mengi unaanzia chini, na hilo lina athari kwa ratiba, likizo na siku ya kupanda kuwa kapteni. Omba vilevile kwa waendeshaji wa ndege za mizigo na wa ndege ndogo za mapanga, ambao mara nyingi hawana kichujio kikali cha saa za karibuni kama mashirika makubwa. Saa mia mbili zinazokupungukia kufika 1,500 zinaweza kupatikana huko, na ukishazifikisha, omba leseni ya juu mara moja maadamu mitihani yako ya nadharia bado iko hai.

Mkataba ukija, soma kifungu cha dhamana ya mafunzo kabla ya kusaini: unafungwa kwa muda gani, deni linapungua kila mwezi au linabaki palepale mpaka siku ya mwisho, na nini kitatokea ukipoteza cheti cha afya kabla ya muda huo kuisha. Kama kifungu cha afya hakimo, omba kiandikwe.